Udumavu wa Iringa na somo la mapishi lisilofika jikoni

Ukimuuliza mtu wa Mafinga, "Leo mboga gani?" anaweza kukujibu, "Nyama." Au maharage, au dagaa. Hajakosea. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Kile cha kijani tunakiita mboga za majani, na mara nyingi tunakitaja kwa unyonge: "Leo tumekula majani tu." Sasa chukua lile bango la zahanati lenye maneno "Kula mboga na matunda kila siku", ulisome kwa macho ya mtu huyo. Ataona ameshatii. Jana maharage, juzi dagaa, leo maharage tena.

Naanza na neno hili dogo kwa sababu ndani yake naona kasoro kubwa ya namna tunavyofundisha lishe nchini. Tunatangaza bila kupika. Tunawapa watu majina ya vyakula na majina ya vitamini, kisha tunaondoka kabla moto haujawashwa, na miaka ikipita tunashangaa mbona watoto hawarefuki.

Iringa haina njaa. Mahindi yapo, viazi mviringo vipo, maharage na njegere zipo, bonde likiwa na maji utakuta kabichi na nyanya hata kiangazi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 hivi ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Njombe na Rukwa walikuwa karibu nusu. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa, na jambo hili limesemwa bungeni, redioni na kwenye semina nyingi kiasi kwamba halimshtui tena mtu. Mimi bado linanishtua. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili ni vigumu mno kumrudishia alichokipoteza, na sehemu ya alichokipoteza iko kichwani, haionekani kwa kumpima kwa futi.

Nimesikia mara nyingi maelezo mepesi kwamba tatizo ni akina mama kukosa elimu. Siyakubali. Mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini anaamka kabla ya jogoo, analima, anapalilia, anachuma chai kwenye mashamba ya watu, anasomba kuni, na jioni ndiyo anakumbuka hajakaa chini tangu asubuhi. Anachokosa ni muda, na mtu wa kusimama naye kwenye jiko lake mwenyewe akamwonyesha, kwa sufuria ileile na majani yaleyale anayochuma nyuma ya nyumba.

Mwaka juzi nilikaa siku kadhaa wilayani Mufindi kwa kaka yangu, na wifi yangu akanichukua kwenda naye mafunzo ya mapishi yaliyofanyika kijijini. Yaliandaliwa vizuri. Palikuwa na jiko la gesi, sufuria mpya zinazong'aa, karoti, pilipili hoho za rangi tatu, nyama ya kusaga na chupa nzima ya mafuta ya alizeti. Tuliandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio. Wawezeshaji wawili walipika wali na mboga mchanganyiko huku wakieleza kila kiungo kina faida gani mwilini, sisi tukiwa kwenye mabenchi. Tukaonja, tukapiga makofi, tukatawanyika. Katika wanawake wale wote hakuna hata mmoja aliyeshika mwiko.

Njiani nilimuuliza wifi ameonaje.

"Kitamu, wifi," akasema. "Ila kile ni chakula cha semina. Hoho nitaipata wapi mimi? Gulio lenyewe mpaka Jumamosi."

Jioni ileile nikakaa naye jikoni, kwenye kile kibanda cha mafiga matatu, nikatazama anavyopika majani ya maboga. Aliyachuma shambani, akayamenya nyuzi, akayakatakata madogo sana kwa ustadi ambao mimi sina. Kisha akayaosha, yakiwa yameshakatwa, mara tatu. Kila mara aliyakamua kwa viganja viwili mpaka maji yakatoka ya kijani kibichi, akayamwaga mlangoni. Akayachemsha na magadi kidogo yalainike haraka, akamwaga na yale maji. Ndipo akakaanga kitunguu na nyanya, akayatia, akayaacha motoni mpaka rangi ikageuka. Somo alilolihitaji siku ile lilikuwa pale mlangoni, linanywewa na udongo.

Nieleze, maana hapa ndipo penye utajiri. Vitamini C na ile folati, ambayo kliniki inawapa wajawazito kwa vidonge, huyeyuka kwenye maji. Jani likiwa zima, ngozi yake inazilinda. Likikatwa, kila mkato ni mlango wa kutokea, na kukamua ni kuzisukuma nje kwa nguvu. Magadi yanalainisha jani kweli, lakini yanaiharibu vitamini C pamoja na vitamini B1. Kinachobaki baada ya hapo ni nyuzinyuzi, madini kiasi, na ile rangi inayoupa mwili vitamini A, ambayo nayo mwili hauwezi kuichukua vizuri bila mafuta. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni mwepesi kuusema: osha majani yakiwa mazima, kata baadaye, na usikate madogo mno, tia maji kidogo, funika, yaive kwa dakika chache, maji yaliyobaki ni mchuzi, usiyamwage, tia karanga zilizotwangwa au tui la nazi au kijiko cha mafuta, ukishaipua, kamulia limau. Limau lina kazi yake: madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharage mwili huyapokea shingo upande, na vitamini C huulainisha. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, huyazuia madini hayo, hivyo chai ingoje hata saa moja. Katika nchi ambayo utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, limau moja na kusogeza saa ya chai ni mambo mazito kuliko hoho za rangi tatu.

Nilimweleza wifi hayo yote, nikidhani nimemaliza. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akanijibu kwa hoja. Anakamua kwa sababu ya mchanga. Anakamua pia kwa sababu ya dawa: mboga za kununua zinapigiwa dawa na watu wanazivuna bila kungoja siku zipite, kila mtu anajua. Na anakamua kwa sababu mama mkwe wake, aliyemkabidhi jiko hilo, husema majani yasiyokamuliwa yanamuuma mtoto tumbo. Kuosha majani mazima kunataka beseni kubwa na maji mengi, na bomba la kijiji liko mteremkoni, ndoo ni ya kichwani.

Ningekuwa mwezeshaji wa semina, ningeondoka na alama ya vema kwenye fomu yangu: "ameelimishwa". Kumbe kila tendo lake lina sababu, na sababu mbili kati ya tatu ni za kweli kabisa. Kuna hata mboga ambayo hekima ya zamani inashinda haraka yetu ya leo: kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kule kutwanga, kuchemsha muda mrefu na kuacha mvuke utoke ndiko kunakoiondoa. Mtu akienda mkoani Mtwara na kanuni yangu ya "dakika chache, funika" akaipeleka kwenye kisamvu, atawadhuru watu. Ndiyo maana nasema mwalimu wa mapishi aanze kwa kuuliza: mama, kwa nini unafanya hivi? Asikilize jibu lote, ndipo afungue mdomo.

Tulichokubaliana na wifi siku ya pili kilikuwa kidogo. Majani yaoshwe mazima mara mbili kwenye beseni la kufulia lililosuguliwa vizuri, na maji yale ya mchanga yasimwagwe mlangoni, yapelekwe kwenye mashina ya maboga yenyewe. Hapo ndoo ya kichwani ikapata kazi mbili. Hakuna kitabu cha lishe nilichosoma kinachofundisha jambo hilo, na bila hilo mengine yote yasingeingia jikoni mle.

Uji wa mtoto nao una habari yake. Kila kliniki inasema uji wa mtoto uwe mzito, na inasema kweli: tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, ukilijaza maji hakuna nafasi ya chakula. Lakini ingia kwenye nyumba ambayo mama anatoka alfajiri kwenda kuchuma chai. Uji anaupika saa kumi na moja, anautia kwenye chupa ya chai, anamwachia mtoto wa kike wa miaka tisa amnyweshe mdogo wake mchana. Uji mzito hautoki kwenye mdomo wa chupa! Mama anaupika mwepesi ili utoke. Ukimfundisha mara mia kuhusu uzito wa uji bila kuiona ile chupa, mtapishana milele. Na mtoto wa miezi tisa anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku pamoja na asusa, wakati moto wa nyumba hiyo unawaka mara mbili tu.

Hapo ndipo matunda yanapoingia, na siyaleti kama pambo la mwisho wa mlo. Tunda halihitaji moto. Parachichi lililoiva, msichana wa miaka tisa analipasua na kuliponda kwa kijiko bila hatari ya kuungua. Lina mafuta yanayosaidia ile vitamini A, lina nguvu ya kumshibisha mtoto. Papai nalo hivyo, ndizi mbivu nayo hivyo. Kiazi lishe, kile kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, kikichemshwa usiku pamoja na cha wakubwa kinakaa mpaka kesho yake mchana na kinapondeka. Mufindi na Njombe parachichi sasa ni biashara kubwa; zile za aina ya Hass zinavuka bahari kwenda Ulaya na India, na miti inazidi kupandwa. Nimepita kwenye nyumba zenye kreti za parachichi barazani zinazomsubiri mnunuzi, na ndani mtoto ana kikombe cha uji mweupe. Nilipouliza, mzee mwenye nyumba alinijibu bila kuficha: "Hilo ni sare za shule." Namwelewa. Lakini mnunuzi huchagua. Yenye kovu, iliyopinda, iliyo ndogo kuliko kipimo, huiacha. Zile zilizoachwa, ndani yake ni sawasawa na zilizopanda lori, na nyingi huishia kwa nguruwe. Somo la mapishi mkoani Njombe lingeanzia kwenye rundo la zilizokataliwa. Sijaona hata moja lililoanzia hapo.

Kuna suala la kuni, ambalo walimu wa lishe hulikwepa. Maharage makavu yanakula saa tatu za moto. Kuyaloweka usiku kucha kunapunguza muda huo sana, na bado nyumba nyingi haziloweki kwa sababu hakuna aliyezionyesha tofauti ya mzigo wa kuni kwa macho. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya macho na mapafu ya mama zetu. Ila naomba jambo moja kwa wanaogawa mitungi na majiko: jiko jipya linabadili upishi mzima. Mtu aliyezoea mafiga akipewa gesi anaanza kukwepa maharage kwa kuogopa kuimaliza, anahamia kwenye vitu vya kukaanga na chapati. Anayepeleka mtungi apeleke na mtu wa kupika naye kwa wiki chache, amwonyeshe maharage yaliyolowekwa, mchicha wa dakika tano, sufuria iliyofunikwa. La sivyo tutapata jikoni kusiko na moshi lakini kuliko na mlo mbaya kuliko wa zamani.

Na wanaume. Barua za mwaliko huandikwa "akina mama wote". Lakini mahindi anauza baba, parachichi anauza baba, kuku hachinjwi bila neno lake, na nyumbani akionja majani yasiyo na mafuta mengi akasema "hiki chakula cha mgonjwa", mapishi hayo hayatarudi tena mezani. Nimeona neno hilo moja likifuta mafunzo ya siku tatu. Baba aitwe, asipewe hotuba, apewe sahani. Mama mkwe naye aitwe kama mwalimu mwenza, maana bila yeye hakuna kitakachodumu kwenye jiko aliloliasisi.

Haya ninayoyadai si mageni kwetu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake; kipindi kikiisha walijadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai", kwa mtindo uleule. Ukubwa wa idadi hizo haunivutii sana. Kinachonivutia ni kule kuinuka: mjadala ulikuwa na jembe mwishoni mwake. Na Iringa yenyewe, wakati Njombe bado ni sehemu ya mkoa huo, kuanzia 1983 ilikuwa na mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hapohapo kijijini, wanakijiji wakakaa kujiuliza kwa nini huyu hakuongezeka, na wakapanga la kufanya kwa walichonacho. Utapiamlo mkali ulishuka. Mkoa uliokuwa mfano kwa dunia miaka ya themanini leo ni wa kwanza kwa udumavu, na naamini sehemu ya sababu ni kwamba kazi ile iliyokuwa kijijini tuliihamishia kwenye kumbi.

Fedha zipo, hata kama hazitoshi. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kwa halmashauri yenye watoto 40,000 hizo ni milioni 40 kwa mwaka. Ukizitumia kukodi ukumbi, kuchapisha fulana na kulipa posho, zinaisha kwa siku chache. Ukizitumia kumlipa mwanamke wa kijijini anayepika vizuri, ambaye ameshafundishwa na ofisa lishe, akae na majirani kumi kwa zamu kwenye majiko yao, wiki kumi mfululizo, kila mmoja akishika mwiko, zinafika mbali. Na kipimo kisiwe karatasi ya mahudhurio. Ofisa arudi baada ya wiki mbili, saa ya kupika, bila taarifa, atazame maji ya mboga yamemwagwa wapi.

Najua kuna atakayesema maskini hahitaji mapishi, anahitaji kipato. Kishapu wakati wa ukame, au kwa mama wa Mbagala ambaye fungu la mchicha limepanda bei na embe anaiona kwa macho tu, namkubalia. Mapishi hayajazi sufuria tupu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kwa familia ya watu sita ya mjini hiyo ni hesabu nzito. Tena udumavu hautokani na chakula peke yake: mtoto anayeharisha kila mwezi kwa maji machafu hatarefuka hata ukimlisha parachichi la dhahabu. Hoja yangu ni ya Iringa na mikoa inayofanana nayo, ambako chakula kipo hatua kumi kutoka mlangoni na kinapotea kati ya shamba na mdomo wa mtoto.

Wifi yangu bado anaosha majani ya maboga yakiwa mazima. Mama mkwe wake alipoyaonja mara ya kwanza aliuliza tu kama yana mchanga. Hayakuwa nao, akakata tonge lingine. Ila mnafu anaukamua mpaka leo, maana hauliki kwa uchungu. Juzi nikamweleza kwa simu kwamba Kenya, ambako wengi wanauita managu, watu wa magharibi huuchanganya na majani ya kunde na kuutia maziwa, ukalala usiku mmoja, uchungu ukapoa. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamsimulia mama mkwe wake kwa Kihehe. Kisha akarudi kwenye simu akasema watajaribu ng'ombe akizaa.